Mnyapara Aliyelaza Magogo

Sitaandika jina lake. Watoto wake bado wapo Dabani, na baadhi yao sasa ni wazee kuliko alivyokuwa yeye nilipomjua, nami sina ruhusa yao. Hata hivyo pale kiwanjani hakuna aliyelitumia hilo jina. Wapakiaji walimwita Mnyapara, tajiri mwenye magogo alimwita Mnyapara, na siku mkewe alipokuja kutoka nyumbani na habari ya msiba, alisimama langoni akauliza, "Mnyapara yuko?" kana kwamba na yeye hakumjua kwa jina jingine.

Nilifanya kazi naye miaka minne, baada ya uhuru, katika kiwanja cha magogo kilichokuwa kando ya stesheni ya Tororo. Magogo ya mvule yalikuja kwa malori na matrekta, mengi kutoka msitu wa Bugwe, mengine kutoka Busoga. Yaliteremshwa kiwanjani, tukayapakia kwenye mabehewa ya wazi, na treni ya moshi ikayavuta kwenda Nairobi na kwingine ambako hatukukujua. Ninaposema tuliyapakia najipendelea. Walipakia wao. Mimi nilikuwa karani. Nilikuwa na meza, chupa ya wino na paa la bati juu ya kichwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne upande wa Kenya, nikarudi kwetu Buhehe na cheti, na nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Nilidhani cheti kile kilikuwa kirefu kuliko mlima wa Tororo.

Watu waliosikia habari zake kabla ya kumwona walitarajia jitu. Alikuwa mfupi. Shingo yake ilikuwa nene, miguu imepinda kidogo, na begani alikuwa ametandika gunia lililokunjwa, ingawa kwa miaka mingi hakuwa akibeba kitu. Nilimwuliza gunia lile ni la nini. Akasema, "Bega ikizoea kitu, ukiitoa, inauma." Sikujua kama ni mzaha.

Alijua mti kwa sikio. Lori likishateremsha, alizunguka kila gogo akiligonga kwa mpini wa nyundo, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika kama ina wenyewe. Mvule una tabia ya kuficha mawe. Ndani ya mti mzima mzuri unaweza kukuta jiwe jeupe, gumu, lililoota humo humo, na jiwe hilo huvunja meno ya msumeno. Siku moja fundi wa kiwanda cha mbao kutoka Jinja alikuja kujichagulia magogo mwenyewe. Mnyapara aligonga moja, akalirudia, akasema, "Hii iko na jiwe. Hapa, karibu na mguu."

Yule fundi akacheka. "Mzee, wewe ni daktari?"

"Daktari anauliza mgonjwa. Mimi nauliza mti. Mti haina uongo."

Fundi alilichukua gogo lile kwa makusudi, na baada ya wiki mbili ikaja barua kwamba msumeno wake umekatika meno. Nilimwita Mnyapara nikamsomea, nikitarajia atafurahi. Akauliza, "Msumeno ilikuwa mpya?" Nikasema barua inasema mpya. Akatikisa kichwa, akasema, "Pole yake," na huruma ile ilikuwa ya msumeno.

Nasema hivyo kwa sababu binadamu hakuwapa pole. Mtu akibanwa kidole, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na mara mbili nilimwona akipasua shati lake mwenyewe kufunga jeraha la mwingine. Lakini mdomo wake wakati huo ulikuwa mwingine kabisa. "Kidole ni yako, ama uliazima? Kama umeazima, utamwambia nini mwenyewe?" Mwenye kidole alicheka huku machozi yakimtoka. Kisha Mnyapara alimpa viazi vyake vya mchana, akaenda zake na njaa, na ukijaribu kumsifu kwa hilo alikutukana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Miti miwili mirefu iliegemezwa kwenye behewa kama ngazi. Gogo lilizungushiwa kamba, na watu kumi na wawili upande wa pili wa behewa wakavuta, gogo likapanda likibingirika polepole, wakati wengine wanne walilifuata kwa nyuma na mitaimbo na kabari, kulizuia lisirudi. Wavutaji hawakuliona gogo, kwa kuwa behewa liliwakinga. Walitegemea sauti tu. Palikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, na Mnyapara alikigonga kwa chuma: mara moja, simama, mara mbili, vuta. Katikati ya milio hiyo ulikuwepo wimbo, na wimbo ulikuwa wa Othieno.

Othieno alikuwa kijana wa Paya, Mdhopadhola, mrefu, mwenye sauti iliyofika hadi kwa akina mama waliouza chai na ndizi nje ya ua. Alikuwa mtoto wa pekee wa mama mjane. Alitunga papo hapo, na mara nyingi alimtunga Mnyapara: kwamba Mnyapara ameoa mnyororo wa kufungia magogo, kwamba mnyororo umemkataa, kwamba amerudisha mahari. Watu walivuta huku wakicheka. Mnyapara alijifanya haelewi Kidhopadhola, nasi sote tulijua anakielewa.

"Nyinyi watu ya Paya mnaimba kwa sababu hamuwezi kusukuma," alimwambia.

"Na nyinyi Wasamia, mzee, mnasukuma kwa sababu hamuwezi kuimba."

Hilo lilikuwa kweli. Mnyapara hakuweza kushika wimbo wowote. Lakini wiki moja Othieno alipougua malaria, behewa la siku moja lilichukua siku mbili, na siku ya tatu Mnyapara alimtuma mtu kwa baiskeli hadi Paya na dawa aliyoinunua mwenyewe. Ujumbe wake nilikuwepo alipoutoa: "Mwambie kama amekufa, afufuke. Watu wanavuta kama wanazika."

Kwa miaka yote aliyopakia treni hakuwahi kuipanda. Kila Jumamosi alasiri alipanda baiskeli yake hadi Dabani, safari ya zaidi ya saa tatu kwa mwendo wake, na Jumatatu alfajiri alikuwa amesharudi, na vumbi kwenye nyusi. Nilimwambia kwamba mtu wa kazi kama yeye angeweza kuomba nafasi, akasafiri walau hadi Nairobi kuona magogo yake yanakofika. Akanitazama kama nimemtukania mama.

"Mimi nipande kitu ambayo najua imefungwa na watu kama sisi?"

Kanisani alikwenda kila Jumapili, lakini alisimama nje, karibu na mlango. Alisema ndani hakuna hewa, na tena Padri akimwuliza kitu, baiskeli iko karibu. Mtu huyo huyo alikuwa mkali juu ya kuruka mnyororo. Ukiuruka mnyororo ulionyoshwa chini, alikurudisha, ukazunguka. Nilimwuliza kama ni mwiko wa kwao. Akasema si mwiko, mnyororo unaweza kuvutwa wakati mguu wako uko juu yake. Karibu kila jambo lake nililolidhania ushirikina lilikuwa na sababu ya namna hiyo, na ningeuliza mapema zaidi ningejua. Sikuuliza. Niliandika kichwani mwangu "mzee wa kizamani" nikafunga.

Jambo kubwa kati ya hayo ni hili la kulaza mzigo.

Behewa likishajaa na minyororo kukazwa, hakuruhusu liguswe. Alitangaza, "Sasa ilale," na watu wote wakaenda kula, yeye pamoja nao, huku mtu mmoja akibaki kando ya behewa na mtaimbo wake kusikiliza. Walibadilishana zamu. Magogo mabichi, alisema, yakipangwa hayatulii mara moja. Ni kama wageni kwenye mkeka mmoja, kila mmoja anatafuta ubavu. Magome yanasagika, uzito unashuka, na mnyororo uliokazwa asubuhi unalegea. Baada ya chakula alirudi, akagonga kila gogo, akakaza minyororo upya, akaongeza kabari palipohitaji. Pengine ilichukua saa moja, pengine mbili. Kisha alikuja kwenye meza yangu, akasema, "Imelala." Hapo ndipo mimi nilipotoa hati, nikampa dereva wa injini ndogo iliyopanga mabehewa, naye akalivuta behewa kwenda kuunganishwa na treni.

Hati hiyo ilihitaji sahihi yangu na dole gumba lake. Hakujua kusoma wala kuandika. Dole lilikuwa la mkono wa kulia, mkono anaolia chakula, na wino ule haukutoka kwa maji ya stesheni. Alilalamika kwamba ugali wake una ladha ya ofisi. Basi mimi, kijana mwenye akili, nikapata dawa. Nikamwambia, "Mzee, njoo Jumatatu asubuhi tu. Weka dole kwenye hati zote za wiki, mimi nitazijaza kila behewa likiwa tayari. Wiki nzima utakula bila wino."

Alisugua dole lake kwenye gunia. "Na hiyo karatasi, bila mimi, haiwezi kutembea?"

"Haiwezi. Mpaka uniambie imelala."

"Basi chukua. Wewe ndio macho yangu hapa."

Tukafanya hivyo kwa zaidi ya mwaka. Nilijisifu kwa tajiri kwamba nimepunguza foleni. Yeye alikula ugali wake bila wino, na alinishukuru kwa hilo mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya kwa mwingine yeyote.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana. Behewa moja lilikuwa limejaa na limefungwa, magogo mawili chini na moja juu, kubwa, la Bugwe. Watu walikuwa wamekwenda kula upande wa pili wa ua. Zamu ya kubaki ilikuwa ya Othieno. Dereva wa injini ndogo alifika mbele ya meza yangu mapema kuliko kawaida, mtu wa maneno mengi, akasimama akijipepea na kofia.

"Karani, hiyo moja nipe niondoke."

"Bado. Mzee hajasema."

"Mzee hajasema." Aliwageukia akina mama wa chai, hatua chache nje ya ua. "Jamani, hapa bwana ni nani? Huyu mwenye kalamu, ama yule mzee anayelaza miti kama watoto?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Labda anaiimbia na bembelezi!" Wakacheka tena. Msichana aliyekuwa akiniuzia ndizi kila siku, ambaye nilipenda anione mtu, naye alicheka, mkono mdomoni.

Sikushurutishwa na mtu. Treni ya jioni ilikuwa bado mbali, tajiri hakuwepo, na hakuna kitu ambacho kingeharibika kwa kungoja saa moja. Nilifungua droo, nikatoa hati yenye dole la Jumatatu, nikaijaza, nikatia sahihi kwa mkato mrefu niliojifunza shuleni, nikamkabidhi dereva. Nikasema kwa sauti ili wanawake wasikie, "Bwana ni mimi. Vuta."

Injini ilirudi nyuma, ikaligonga behewa kulishika. Nilimsikia Othieno akipiga kelele, "Bado! Bado, jamani, bado!" Nilimsikia vizuri. Nilidhani anatania, kwa maana alitania kila siku, na mimi nilikuwa bado natabasamu. Behewa likatikisika mara ya pili. Kabari ilichomoka, mnyororo uliolegea ukapita juu ya ncha ya gogo la juu, na gogo likateremka upande aliokuwa amesimama Othieno akipunga mikono yake yote miwili.

Sitaeleza zaidi. Alikuwa amekufa kabla hatujafika. Mnyapara alifika na mkono wake bado una ugali. Alipiga magoti, akamwambia, "Wewe, wewe, wewe," kwa sauti ya chini, mara nyingi. Ndiyo mara pekee niliyomwona hana tusi.

Siku ya tatu tajiri alimtuma mkaguzi wake. Alikaa kwenye meza yangu, mimi nikasimama kando kama shahidi. Mnyapara alisimama mbele, gunia lake begani. Mkaguzi aliinua ile hati.

"Hii dole ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliiweka mwenyewe?"

"Mimi niliiweka."

"Kwa hiyo uliruhusu behewa liondoke."

Mnyapara aliliweka sawa gunia lake begani. Alinigeukia, akanitazama. Haikuwa hasira. Alikuwa ametulia tu, anangoja. Nilikuwa na kila neno tayari: ni dole la Jumatatu, hati nimeijaza mimi, yeye alikuwa anakula. Maneno ya Kiingereza nilikuwa nayo, ya Kiswahili nilikuwa nayo. Niliangalia chupa ya wino.

"Nakuuliza wewe, mzee. Uliweka saa ngapi?"

"Sikumbuki," akasema Mnyapara.

Mtu huyo alikumbuka gogo lililopita miaka mitatu nyuma, na lori lililolileta. Mkaguzi akaandika, akafunga kitabu. Kufikia jioni Mnyapara alikuwa amefukuzwa. Aliondoka na baiskeli yake na gunia, hakuaga mtu. Habari ikazunguka Tororo na Paya kwamba mnyapara wa magogo alimwua kijana wa watu kwa uzembe. Nilisikia ikisemwa kwenye chai, nikanywa chai yangu. Miezi sita baadaye nilipandishwa cheo nikahamishiwa Malaba.

Nimejaribu mara nyingi kujitetea. Nilikuwa kijana. Nilikuwa na mama wa kumlisha na wadogo shuleni. Yote ni kweli, na wapakiaji kumi na sita pia walikuwa na mama zao. Na hata nilipokuwa sina tena cha kupoteza, nilikaa miaka mitatu bila kwenda Dabani, nayo si mbali na kwetu Buhehe. Kila niliporudi nyumbani nilipita njia nyingine.

Nilikwenda mwishoni mwa miaka ya sitini. Injini za dizeli zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye reli yetu, na kiwanja cha Tororo kilikuwa kimebaki na magogo machache. Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba akimenya mihogo. Alikuwa amekonda, na nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Karani!" akasema. "Umenenepa. Malaba wanakupa nini, bwana?"

"Mzee, nimekuja kwa lile jambo la—"

"Kula kwanza."

Mkewe alileta ugali wa muhogo na mtama, na samaki. Nilikula kile chakula kama adhabu. Mwenyeji alinimegea kipande cha kichwa cha samaki, alivyowafanyia wageni. Tulipokwisha kunawa nilisema haraka, nisije nikarudi nyuma.

"Ile hati niliijaza mimi. Wewe ulikuwa unakula. Dole lilikuwa la Jumatatu."

"Najua."

"Unajua?"

"Wewe unafikiri mimi sijui siku gani niliweka dole yangu?"

"Kwa nini hukusema, mzee?"

Alichukua muhogo mwingine, akaendelea kumenya. "Nilikuwa nakungoja wewe. Nikasema, kijana hii imesoma, itaanza yenyewe. Nikangoja. Nikangoja mpaka ile bwana akafunga kitabu yake."

Yeye akaendelea, bila kuniangalia, kama anayezungumza na muhogo.

Baada ya kufukuzwa alikwenda Paya kwa mama yake Othieno. Alimwambia kwamba mkubwa wa pale siku ile alikuwa yeye. Mama alimfukuza kwa mwiko wa moto. Alirudi baada ya wiki, akafunguliwa mbwa. Mara ya tatu hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja shambani, ambako magugu yalikuwa yamefika kiunoni kwa kuwa mwenye kulima alikuwa kaburini, akaanza kupalilia kutoka pembeni. Mama alimtazama siku nzima hadi jua likatua. Siku ya pili alimletea maji, akayaweka chini mbali, akaondoka. Tangu hapo kila msimu wa mvua Mnyapara alipanda baiskeli hadi Paya, akalima siku mbili tatu, akalala kwa jirani, akarudi.

"Sasa ananipikia," alisema. "Anaweka pilipili nyingi. Nafikiri anafanya makusudi."

Nilicheka, naye akacheka.

"Lakini kila mara anauliza kitu moja. Anauliza, 'Kwa nini walivuta gari mapema? Mtoto wangu alisema nini?' Mimi sikuwepo pale. Nilikuwa nakula. Hiyo jibu sina. Jibu iko na wewe."

Akakung'uta maganda mapajani.

"Kesho nakwenda kupalilia. Twende."

"Nitamwambia nini, mzee?"

"Siku ya kwanza usiseme kitu. Lima tu. Ya pili ama ya tatu, mdomo itafunguka yenyewe. Akikupiga, ni mwiko tu. Mimi nimepigwa na sijafa."

"Na akiuliza kwa nini niliitoa ile hati?"

"Utasema kweli. Kulikuwa na nini? Kulikuwa na haraka?"

"Hakukuwa na haraka. Walinicheka."

Aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama usoni, na niliona kwamba hili hakulijua. Pengine miaka yote alikuwa amenitafutia sababu iliyo kubwa zaidi. Kisha akasema taratibu, "Basi utamwambia hivyo. Walinicheka. Mwanamke ataelewa. Ama hataelewa. Lakini atakuwa amejua."

Nikasema nitakwenda. Niliposema nilikuwa nasema kweli. Walinipa mkeka, nikalala vizuri kama mtu aliyelipa deni.

Asubuhi tulitembea pamoja hadi njia panda, yeye akiikokota baiskeli. Nyuma yake alikuwa amefunga majembe mawili. Moja lilikuwa lake, mpini umeng'aa kwa mikono. La pili alikuwa ameliazima kwa jirani kulipokucha, nami nilimwona akilijaribu mpini kama hauchezi. Njiani hakuzungumza habari ya Paya hata kidogo. Alizungumza juu ya bei ya samaki, na mjukuu wake aliyekataa shule.

Mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe na viatu vya ngozi. Tulipofika njia panda nikaanza kumwona yule mama. Sikumjua sura, na bado nilimwona, amesimama mwisho wa mstari wa mahindi, ananingoja nifungue mdomo, nami nikimwambia mwanao alipiga kelele nikamsikia, na sikusimamisha kitu kwa sababu nilikuwa natabasamu.

"Mzee," nikasema, "nimekumbuka. Leo nahitajika Malaba. Lazima niwahi basi. Nitakuja msimu ujao, nakuapia."

Alisimama. "Basi ya saa ngapi?"

"Saa mbili."

Alitazama barabara ya Busia, kisha ya Tororo. Alikuwa mzaliwa wa pale, na alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba basi la kwanza hupita saa nane mchana.

"Sawa," akasema. "Salimia watu."

Akapanda baiskeli. Palikuwa na kilima kidogo pale, na alikuwa mzee, ikabidi asimame juu ya pedali. Majembe yale mawili yaligongana kila alipokanyaga, nami niliyasikia hata baada ya yeye kupotea kwenye kona. Msimu uliofuata sikwenda, wala uliofuata huo. Mama yake Othieno alizikwa Paya kabla mwaka wa tatu haujaisha, na nilipata habari hiyo kutoka kwa mtu aliyekuwa akieleza jambo jingine.

Asubuhi ile niliketi kwenye jiwe kando ya njia, mikono magotini. Lilikuwa jua kali. Nilikaa pale, peke yangu, nikilingoja basi nililomdanganyia mzee, mpaka saa nane lilipokuja.